Nissan Leaf ya kWh 40 hapa Dar: angalia betri kwanza, gari baadaye

Wakuu, kila nikipaki sehemu lazima mtu aje aulize hii gari inatembea umbali gani na umeme wake unakula shilingi ngapi, nimeona bora niandike yote sehemu moja kwa anayefikiria kununua. Nimekaa nayo kiangazi na masika, naitumia kila siku, familia inapanda, na sina mpango wa kurudi kwenye petroli kwa mizunguko ya mjini.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Kama una nyumba yenye mita yako ya LUKU, una sehemu ya kupaki ndani ya geti, na kazi zako ni za humuhumu Dar, Leaf ya kWh 40 ni gari tamu kuliko IST na Vitz zote nilizowahi kuendesha. Kama unakaa chumba cha kupanga na mita ni moja kwa wapangaji wote, au kila wikiendi uko njiani kwenda Tanga au Dodoma, usinunue, nakwambia kwa nia njema kabisa, itakutesa.

Sasa tuanze na ile kilomita 400. Ukiingia kwenye tovuti za magari ya Japani unakuta muuzaji kaandika inatembea kilomita 400. Hiyo namba ipo kweli, ila imetoka kwenye kipimo cha zamani cha Kijapani kinaitwa JC08, ni kipimo cha upole sana, na gari hiyohiyo kwenye kipimo kipya cha WLTC inapewa 322, alafu Wamarekani wa EPA, wakala wao wa mazingira, wao wakaipa maili 151 ambazo ni kama kilomita 243. Kwa Dar, AC inapiga muda wote, watu wanne ndani, foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, namba ya Wamarekani ndio inayokaribia ukweli, na ukizingatia betri imeshatumika miaka kadhaa huko Japani, weka kichwani mia mbili na kidogo. Inatosha? Mtu anayekaa Mbezi Beach na kazi Posta, akapitia watoto shule na sokoni, hamalizi hata kilomita 60 kwa siku. Inatosha na inabaki.

Leaf ziko za aina nyingi na hapa ndipo watu wanapouziwa wasichokijua. Ya kwanza kabisa ilitoka Desemba 2010, betri ya kWh 24. Baadae mwishoni mwa 2015 ikaja ya kWh 30 yenye umbo lilelile, alafu Oktoba 2017 likaingia umbo jipya la kWh 40, na 2019 wakaongeza ile inaitwa e+ ya kWh 62. Kwa asiyejua, kWh moja ndio uniti moja ya LUKU, kwahiyo betri yangu ikiwa tupu kabisa inameza uniti 40 na kidogo kwasababu kuna umeme unaopotea njiani kama joto. Zile za 24 ni za bei nafuu na zinavutia kwenye picha, lakini hata zikiwa mpya EPA waliipa ile ya mwanzo maili 73 tu, yaani kilomita 117, sasa ikishachoka kwa miaka yote hiyo unabaki na gari ya kwenda sokoni na kurudi. Kuna watu wanazo na zinawatosha, siwasemi vibaya, ila mtu asikuuzie 24 kwa maneno ya 40.

Jambo kubwa kuliko yote: betri ya Leaf haina upoozaji wa maji. Mota na inveta zina kulanti, betri yenyewe imefungwa chini ya viti inapoa kwa hewa tu. Kwa nchi ya baridi haina shida sana, kwa Dar ya Januari na Februari ni habari nyingine. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona Marekani, jimbo la jangwa, walianza kulalamika betri zinapungua haraka kwasababu ya joto, hadi kesi zikafunguliwa, na Nissan baadae wakabadilisha kemia ya betri ili ihimili joto zaidi. Kwahiyo za miaka ya mwanzo ziogope zaidi kwa hali yetu ya hewa. Ya kwangu naitunza kwa mambo mawili tu, siiachi imejaa asilimia mia ikakaa juani siku nzima, na natafuta kivuli hata kama ni mbali kidogo na mlango. Nikiwa sina safari nachaji hadi 80 hivi. Nikiwa na safari naweka taimu ili ijae alfajiri wakati natoka, sio saa tano usiku ikakae imejaa hadi asubuhi.

Afya ya betri utaiona wapi? Kwenye dashibodi, pembeni ya geji ya chaji, kuna mistari midogo 12. Hiyo haionyeshi chaji, inaonyesha uwezo uliobaki wa betri, na wengi wanachanganya hapo. Mstari wa kwanza hautoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, inayofuata inatoka kila asilimia 6 na kitu. Maana yake gari yenye mistari yote 12 inaweza kuwa na asilimia 99 au 86, hujui ni ipi. Ndio maana mistari peke yake haitoshi, unahitaji apu ya LeafSpy na kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetuthi kinachochomekwa chini ya usukani. Apu inakupa SOH, yaani asilimia ya afya, inakupa idadi ya mara gari ilizochajiwa chaji ya haraka na ya kawaida, na inakuonyesha jozi zote 96 za seli kwa picha ya vinguzo. Ukiona nguzo moja imeshuka peke yake mbali na wenzake, hiyo gari achana nayo hata kama rangi inang'aa. Kama unanunua hapahapa bongo, muuzaji akikataa usichomeke kifaa, we ondoka tu. Kama unaagiza Japani, omba picha ya dashibodi gari ikiwa imewashwa, mistari ionekane vizuri na odometa ionekane kwenye picha hiyohiyo, na wapo wauzaji wanaokubali kutuma picha ya SOH ukiwaomba kwa upole na mapema kabla hujalipa.

Za kWh 30 zina kisa chake. New Zealand wanaagiza sana Leaf za mtumba za Japani, usukani upande wa kulia kama sisi, na wenye magari kule wakajikusanya wakawa wanapeleka takwimu zao, wakaona za 30 zinashuka haraka kuliko hata za 24. Mwaka 2018 Nissan wakatoa apdeti ya programu, ikaonekana sehemu kubwa ya shida ilikuwa kompyuta ya betri inasoma vibaya, sio betri yenyewe kufa. Kwahiyo ukikuta ya 30 ina mistari michache, inawezekana haijawahi kufanyiwa hiyo apdeti. Ila mimi nisingecheza hiyo kamari, hela ikiwa inaruhusu nenda 40.

Na uangalie mwaka wa kutengenezwa kabla ya kufurahia bei, maana gari iliyozidi miaka 8 TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu, na Leaf za mwanzo za kWh 40 za mwaka 2017 na 2018 ndio zinaingia humo sasa. Pitisha kwenye kikokotoo cha TRA, ukiwa na namba kamili ya modeli, usikisie. Alafu kagua picha ya buti uone kama kebo ya kuchajia ipo. Nyingi zinakuja bila kebo, na kebo ni hela.

Umeme wa nyumbani nataka nikae hapa kidogo, kwasababu watu wanatumia nguvu zote kwenye kuchagua gari wanasahau soketi. Gari hii inavuta umeme mwingi kwa masaa mengi mfululizo, sio kama birika linalowaka dakika tano. Soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya ampea 13 ya matundu matatu, hasa hizi za bei rahisi za madukani, ukiivutisha ampea 13 usiku kucha inapata moto, plastiki inalainika, inabadilika rangi, na ukiongeza na ekstensheni ndio umeita moto kwa mdomo wako. Fundi wangu alivuta waya peke yake kutoka kwenye mita, milimita 6, ukapewa breka yake, mwisho wake ikawekwa ile soketi ya bluu ya viwandani. Hela iliyotumika pale siijutii hata kidogo, mkono nikigusa soketi asubuhi imepoa.

Alafu ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme unaovuja ardhini. Nyumba nyingi za mtaani waya wa ethi upo kwenye ukuta lakini hauendi popote, na hakuna aliyewahi kugundua kwasababu friji na TV haviulizi. Chaja ya gari inauliza. Kile kiboksi kwenye kebo kinapima ethi kabla ya kuruhusu umeme upite, kisipoiona kinawasha taa nyekundu na gari haichaji, na mtu anadhani kauziwa gari mbovu. Kwetu ilikuwa hivyo, taa nyekundu, ikabidi fundi apige nondo ya ethi ardhini upya karibu na bomba la maji pale penye unyevu na afunge waya vizuri, ikachaji palepale. Kwa usalama wa wote mnaokaa humo ndani hilo lingefaa kufanywa hata bila gari.

Kebo za Japani zimeandikwa volti 200 na plagi yake sio ya kwetu. Wapo wanaokata plagi wanaweka nyingine. Mimi nilinunua nyingine iliyotengenezwa kwa volti 220 mpaka 240 yenye kitufe cha kuchagua ampea, plagi ya upande wa gari ni ile ya Type 1 yenye matundu matano, kwa ampea 10 inaingiza kama uniti mbili na kidogo kwa saa. Ukirudi saa mbili usiku na asilimia 40, asubuhi saa kumi na mbili unakaribia 100. Kwa maisha yangu hiyo kasi ni sawa kabisa.

Mahesabu sasa. Uniti kwa tarifu ya kawaida ya majumbani ni shilingi 292, ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356, ndio maana ukinunua umeme wa elfu moja unapata uniti 2.8. Kilomita 100 za mjini zinakula uniti 16 au 17 pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, yaani kama shilingi elfu sita. Chukua kigari cha petroli cha cc 1300 kwenye foleni zetu kinachokwenda kilomita 12 kwa lita, weka petroli elfu tatu kwa lita ili hesabu iwe rahisi, hapo ni elfu ishirini na tano kwa umbali uleule. Tofauti hiyo inaonekana mwisho wa mwezi, inaonekana kabisa mfukoni. Kitu kimoja cha kujiandaa, kama nyumba yenu iko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo ya uniti 75 kwa mwezi ambapo uniti inaanzia shilingi 100, ukianza kuchaji gari hutabaki huko, na bei ya umeme wa nyumba nzima inapanda pamoja na gari. Weka hilo kwenye hesabu na mwambie mwenzako ndani mapema.

Na kwa waliopanga, nimeona ugomvi. Mita moja, familia tano, mnachangishana kwa kichwa, alafu mmoja analeta gari. Hata ukisema utaongeza hela watu hawaamini. Weka mita ndogo yako ya kupimia, mama mwenye nyumba aione, namba isomwe mbele ya wote, kinyume na hapo amani haipo. Hivyohivyo ukienda ugenini au gesti, usichomeke kimyakimya. Omba, na nunua tokeni uwaingizie kabla hujaondoka, kesho utakaribishwa tena.

Kukatika umeme ndio swali nililoulizwa sana. Ukiwa na akiba ya kilomita mia mbili na unatumia hamsini kwa siku, umeme ukikatika usiku mzima haikuhusu. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 ndio ungekuwa mtihani, lakini tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ianze kuwashwa Februari 2024, tisa jumla, megawati 235 kila mmoja, hali imekuwa tofauti, sasa shida iliyobaki mtaani kwetu ni nguzo na transfoma na mvua.

Kuiendesha ni raha. Mota ina kilowati 110 na toki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 320 inayokuja yote ukigusa tu, kutoka sifuri hadi 100 ni chini ya sekunde 8, taa zikiruhusu pale Moroko unaondoka kimya na daladala zinabaki zinaunguruma nyuma. Ila kitu kinachonifanya niipende ni e-Pedal. Unawasha kitufe, unaendesha kwa pedali moja, ukiachia mguu gari inapunguza mwendo hadi inasimama kabisa na inakaa hata kwenye mlima, na nguvu ya kusimama inarudi kwenye betri. Kwenye foleni ya Ubungo ambapo zamani goti la kulia lilikuwa linauma, sasa nafika nyumbani nikiwa mzima. Ukirudi kutoka Kisarawe unashuka vilima vya Pugu unaona geji imetulia au inapanda, na pedi za breki hazichakai kama za magari ya kawaida. AC ni kali na inapoza hata ukiwa umesimama bila injini kuunguruma, na kwasababu hatuna baridi hatuhitaji hita inayowala wenzetu wa Norway kilomita zao.

Ndani ni pana kwa hachibeki, buti lita 435, mizigo ya Kariakoo inaingia. Viti viko juu kidogo kwasababu betri iko chini, na usukani haurefushwi kuja kwako, mtu mrefu kama mdogo wangu analalamika. Skrini na meseji zote ni Kijapani. Redio na navigesheni havina maana hapa, apu ya simu ya Nissan ya kuwasha AC ukiwa mbali haifanyi kazi nje ya Japani, lakini alama za muhimu unazizoea haraka.

Gari iko chini, kama milimita 150, na kinachokaa chini ndio kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Matuta ya mtaani yasiyo na vipimo napita kwa pembe na taratibu. Maji, betri imezibwa vizuri, mvua ya kawaida na madimbwi hayana neno, lakini maji ya Jangwani yakiwa yamefurika siingii, na wewe usiingie. Haina tairi ya spea pia! Inakuja na dawa ya kuziba na kipampu, kwa misumari na mashimo yetu hiyo haitoshi, nunua spea na jeki uweke kwenye buti mapema.

Sevisi ni ndogo mno, hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna jiaboksi ya CVT ya kubembeleza. Filta ya AC, maji ya breki, kulanti ya mota, tairi. Usisahau ile betri ndogo ya volti 12, ikifa gari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa, na watu wamevuta magari kwa breki-dauni gereji kwa kitu cha kubadilisha dakika kumi. Na tafadhali sana, nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi ambaye hajafundishwa umeme mkubwa, hata kama ni fundi wako wa miaka yote na unamheshimu. Humo kuna volti zaidi ya 300, zinaua.

Safari ndefu nimeshasema, sio kazi yake. Bagamoyo kwenda na kurudi bila wasiwasi. Morogoro ni karibu kilomita 190 na unapanda mita kama mia tano, utafika ukiwa mpole, lakini lazima ulale ukichaji ndio urudi. Plagi ya chaji ya haraka ya Leaf ni CHAdeMO ya Kijapani, magari mapya ya umeme ya Kichina yanatumia plagi nyingine, kwahiyo hata vituo vichache vinavyofunguliwa usidhani vyote vitakufaa. Mimi Moro naenda na SGR tangu ilipoanza Juni 2024, nayo ni ya umeme vilevile, tena inafika haraka. Kwa vijana wa Bolt wanaoniuliza, kwa teksi ya kutwa nzima bila chaja ya haraka siwashauri. Nairobi Nopea Ride walianza teksi za Leaf mwaka 2018 lakini walijenga vituo vyao wenyewe vya kuchajia, na bado walifunga mwaka 2022.

Kuuza tena ni kugumu kuliko IST, wanunuzi wanaogopa betri na wana haki ya kuogopa. Mimi kila baada ya miezi kadhaa napiga picha ya skrini ya LeafSpy, SOH na odometa, nahifadhi pamoja na risiti za TRA na za fundi umeme. Anayetaka kuona gari yangu leo nitamfungulia hizo picha kwanza, kabla ya boneti.